Kondakta aliyekataa kukalia kiti cha mwenzake

Hapa Nairobi ukisema "kondakta", watu wanawaza jamaa ananing'inia mlangoni mwa matatu akiitisha pesa. Kwa hivyo nikuondolee wasiwasi mapema: huyu wa leo hakuwahi kudai mtu nauli. Fritz Busch alikuwa Mjerumani, na kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya okestra akiwa na kijiti mkononi, waimbaji wakiwa jukwaani juu yake, na kuhakikisha umati mzima huo unaanza pamoja, unapumua pamoja na kunyamaza pamoja. Opera yenyewe ni mchezo wa kuigiza ambao karibu kila neno linaimbwa. Ukishajua hayo, una ya kutosha kunifuata.

Najua unajiuliza: mbona mzee wa Kijerumani aliyekufa 1951? Ni kwa sababu kuna neno moja linalotuzunguka sisi vijana wa mjini kila siku, na sijapata mtu ambaye maisha yake yanalipima kama huyu. Neno lenyewe ni "nafasi".

Chukua nafasi. Nafasi haiji mara mbili. Kijana mwenye akili haachi nafasi impite. Tunaambiwa hivyo kwenye semina, kwenye video za dakika moja, hata kanisani. Hakuna anayetwambia tuulize nafasi yenyewe imetokeaje. Nani alikuwa amekaa hapo jana? Aliondoka kwa hiari yake au alitupwa nje? Na mimi nikikaa, nitakuwa nimesema nini kuhusu waliomtupa?

Busch hakuzaliwa kwa watu wakubwa. Alizaliwa tarehe 13 Machi 1890 mjini Siegen, magharibi mwa Ujerumani, kwa baba aliyekuwa fundi wa kutengeneza fidla. Pesa hazikuwa nyingi. Yeye na mdogo wake Adolf walianza kupiga muziki wakiwa watoto, kwenye dansi za vijijini, mahali ambapo watu wanakunywa na kukanyagana miguu. Fritz alipiga piano, na akajifundisha kushika karibu kila chombo kilichokuwa karibu naye. Baadaye alisomea muziki Köln, na akiwa na miaka 19 tayari alikuwa akiongoza opera Riga, mji ambao leo ni mkuu wa Latvia. Kutoka hapo akaenda Aachen, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia, akapata kazi Stuttgart. Mwaka 1922, akiwa na miaka 32, akakabidhiwa opera ya Dresden. Kwa lugha ya mtaa, jamaa alikuwa ameomoka.

Na Dresden haikuwa kazi ya kubahatisha. Ilikuwa moja ya nyumba za opera zenye heshima kubwa zaidi Ujerumani, na okestra yake ilikuwa na historia ya karne kadhaa. Busch hakukaa tu kupokea mshahara. Alizindua kazi mpya za watunzi waliokuwa hai: *Intermezzo* ya Richard Strauss mwaka 1924, *Doktor Faust* ya Busoni mwaka 1925, *Cardillac* ya Hindemith mwaka 1926. Alirudisha jukwaani opera za Verdi ambazo Wajerumani walikuwa wamezisahau. Alisaidia kuanzisha shule ya okestra ili vijana wafunzwe na wanamuziki walewale waliokuwa wakipiga kila usiku. Mwalimu wa namna hii ndiye ninayempenda: hakuchorei ubaoni, anakuketisha karibu na anayejua.

Kuna kisa kimoja cha mwaka 1927 kinachoonyesha alivyokuwa na wanafunzi. Busch alikuwa New York kuongoza tamasha, akaambiwa mpiga fidla atakuwa mtoto wa miaka 11 aitwaye Yehudi Menuhin, na mtoto huyo anataka kupiga konseto ya Beethoven. Busch alikataa. Kazi ile ni ya watu wazima, alisema, huwezi kumpa mtoto. Wakamwomba amsikilize kwanza. Alimsikiliza, akabadili msimamo, na tamasha likafanyika kwenye ukumbi wa Carnegie. Baadaye mtoto huyo alipelekwa Uswisi akafundishwe na Adolf, mdogo wake Busch. Ni watu wangapi wenye vyeo unaowajua ambao wangekubali kusikiliza kabla ya kusema hapana kwa mara ya pili?

Sasa tuje kwa usiku wenyewe.

Mwishoni mwa Januari 1933, Hitler alifanywa kansela. Busch hakuwa Myahudi, na hakuwa mwanasiasa. Lakini hakuwaficha Wanazi kwamba hawapendi, na hilo mjini lilijulikana. Tarehe 7 Machi 1933, siku sita kabla ya kutimiza miaka 43, aliingia kuongoza *Rigoletto* ya Verdi. Ukumbi ulikuwa umejazwa wanamgambo wa SA, wale wa mashati ya kahawia. Alipotokea tu walianza kumzomea na kumpigia kelele atoke. Hakukuwa na nafasi ya kuinua kijiti. Busch aliondoka, kondakta mwingine, Kurt Striegler, akachukua kijiti, na onyesho likaendelea.

Hebu soma tena hapo. Onyesho likaendelea.

Makosa aliyotajiwa Busch yalikuwa haya: anachanganyika sana na Wayahudi, anawapa kazi waimbaji wa Kiyahudi na wageni, analipwa pesa nyingi, anachukua likizo nyingi. Angalia walivyopanga mambo. Chuki imefungwa pamoja na malalamiko ya kawaida ya ofisini, ili asiyetaka kukubali chuki aweze kukubali mshahara na likizo. Mkurugenzi wa nyumba ile, Alfred Reucker, naye aliondolewa. Wengi waliokuwa wamekula kwa jasho la Busch kwa miaka 11 hawakusimama upande wake.

Viti vikaanza kubaki wazi Ujerumani nzima, kwa sababu waliokuwa wamevikalia walikuwa wakifukuzwa. Hapo ndipo neno letu "nafasi" linaanza kunuka.

Mwezi huohuo wa Machi, kondakta Bruno Walter, ambaye alikuwa Myahudi, alizuiwa kuongoza tamasha Berlin. Richard Strauss akaliongoza badala yake, na ujira akawaachia wanamuziki wa okestra. Majira hayohayo, Toscanini wa Italia alijitoa kwenye tamasha la Bayreuth, lile la opera za Wagner ambalo Hitler alilipenda kupita kiasi, kwa sababu hakuridhika na wanavyotendewa wanamuziki wa Kiyahudi. Bayreuth ikatafuta mtu mwingine. Ikamwendea Busch.

Fikiria hapo. Mtu amezomewa na kufukuzwa kazini kwake miezi michache tu iliyopita. Sasa anaitwa kwenye jukwaa kubwa zaidi la Wagner duniani. Angekubali, angekuwa amesafishwa siku moja. Hakuna mwanamgambo ambaye angethubutu kumzomea mtu aliyealikwa mahali ambapo Hitler mwenyewe anakaa kusikiliza. Busch alikataa. Aliyekwenda kuongoza *Parsifal* kiangazi kile ni Strauss, tena.

Kuhusu Strauss ninakasirika zaidi kwa sababu alikuwa rafiki. Opera yake mpya, *Arabella*, ilikuwa izinduliwe Dresden chini ya Busch, na alikuwa ameitunuku kwa Busch na Reucker. Walipofukuzwa, Strauss alisema bila wao hakuna opera. Vizuri. Kisha nyumba ya opera ikamkumbusha mkataba, na tarehe 1 Julai 1933 *Arabella* ikazinduliwa palepale Dresden, chini ya Clemens Krauss. Kiti chenyewe cha Busch kikachukuliwa na Karl Böhm mwanzoni mwa 1934.

Nikifika hapa, rafiki zangu huwa na jibu moja. Ati ni rahisi kwa mtu mwenye jina kukataa kazi. Mimi nina kodi ya nyumba, nina mdogo wangu wa kulipia karo, nikiitwa siulizi nani alikuwa hapo. Nalielewa jibu hilo, na sitalipuuza. Mpiga fidla wa safu ya mwisho Dresden, mwenye watoto watatu, aliyeinamisha kichwa usiku ule na kupiga *Rigoletto* chini ya mtu mwingine, mimi simhukumu. Simjui alikuwa na njia ngapi. Pengine hakuwa na hata moja.

Lakini hebu tuangalie waliokalia viti. Strauss alikuwa na miaka 69 na alikuwa mtunzi anayejulikana kuliko wote Ujerumani. Opera zake zilichezwa kila mahali. Krauss tayari alikuwa mkurugenzi wa opera ya Vienna, cheo ambacho makondakta wengi huota tu. Böhm alikuwa mkuu wa muziki katika opera ya Hamburg. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akilala njaa. Hakuna aliyekuwa akipanga foleni ya kibarua. Wote watatu walikuwa wametoka kwenye kiti kimoja kizuri wakaenda kukalia kingine kilichokuwa bado na joto la mwenzao. Ndiyo maana kisingizio cha kodi ya nyumba ninakishuku kila ninaposikia kikitumiwa na watu waliovaa suti. Mara nyingi mwenye njaa kweli ndiye anayesitasita, na mwenye kushiba ndiye anayekimbilia.

Sisemi Busch alikuwa malaika. Katika majira yale ya 1933 alikutana na Göring, aliyekuwa na mamlaka juu ya nyumba za opera za serikali Berlin na aliyetaka kumweka huko. Wako wanahistoria wanaosema Busch mwenyewe aliitamani sana kazi hiyo, na kwamba kama mambo yangeenda haraka pengine angebaki. Inawezekana. Mtu aliyepoteza kazi ya maisha yake hawi na moyo mmoja. Siku moja anataka kuondoka, siku ya pili anataka wamrudishie heshima yake mbele ya wote walioona akizomewa. Mimi hilo halinipunguzii kitu. Mtu ambaye hakutamani hajakataa chochote.

Na upande wa pili nao hauko wazi namna ambavyo ningependa. Chukua Krauss, huyu wa *Arabella*. Mwaka 1935 alihamia opera ya Berlin baada ya Furtwängler kujiuzulu, kisha akaenda Munich baada ya Knappertsbusch kuondolewa. Ukimfuata unaona kama mtu anayefuata moshi kujua nyumba gani imeungua. Lakini Krauss huyohuyo na mwimbaji Viorica Ursuleac, aliyekuja kuwa mkewe, waliwasaidia madada wawili wa Kiingereza, Ida na Louise Cook, wapenzi wa opera waliokuwa wakisafiri kwenda Ujerumani na Austria kwa kisingizio cha kutazama maonyesho. Kumbe walikuwa wakiwasaidia Wayahudi kutoroka. Krauss aliwapa habari za maonyesho yake mapema ili safari zao zisitiliwe shaka. Madada hao waliokoa watu 29. Cheo alichokipata kwa njia ya aibu, ndicho kilichokuwa kifuniko chao.

Kwa hivyo je, ilikuwa sawa akae? Nimelifikiria hili sana. Naona waliookolewa hawana deni la kutueleza Krauss alipataje kiti. Lakini siwezi kuchukua wema uliofanywa kimyakimya na kuugeuza kuwa ruhusa kwa kila mtu. Kwa kila Krauss aliyetumia kiti kuficha watu, kulikuwa na wengi waliokitumia kukaa tu. Na wale waliokaa tu ndio waliofanya maonyesho yaendelee, taa ziwake, tiketi ziuzwe, na watu wa Dresden waamini kwamba hakuna kilichotokea.

Busch alienda Buenos Aires, kwenye ukumbi wa Teatro Colón, pamoja na mwongozaji Carl Ebert, ambaye naye alikuwa amepoteza opera yake Berlin. Akafanya kazi na okestra ya redio ya Denmark mjini Copenhagen, na Stockholm. Mwaka 1936 akachukua uraia wa Argentina. Adolf naye, aliyekuwa akiishi Basel, alifuta matamasha yake yote ya Ujerumani mapema Aprili 1933, baada tu ya maduka ya Wayahudi kususiwa. Mkwe wake Adolf, mpiga piano Rudolf Serkin, alikuwa Myahudi. Mambo haya kwao yalikuwa mezani, pale familia inapokula.

Kisha kikatokea kitu ambacho hakuna mpanga mikakati angekiandika. Mashambani Sussex, kusini mwa London, tajiri mmoja aitwaye John Christie alikuwa amejenga ukumbi mdogo wa opera kando ya nyumba yake, Glyndebourne, wa viti kama 300. Mkewe, Audrey Mildmay, alikuwa mwimbaji. Kupitia Adolf, habari zikamfikia Fritz. Yeye na Ebert wakaja, na mambo ya kiofisi akapewa kijana wa Vienna, Rudolf Bing, Myahudi aliyekuwa amefanya kazi na Ebert Berlin. Christie alikuwa na ndoto za Wagner. Ukumbi wake ulikuwa saizi ya Mozart. Tarehe 28 Mei 1934 wakafungua na *Le nozze di Figaro*.

Hapa ndipo ninapomwona Busch mwalimu hasa. Kwenye nyumba kubwa za wakati ule, nyota wa uimbaji angeshuka kutoka kwenye treni, akafanya mazoezi mara moja au asifanye kabisa, akaimba, akaondoka. Glyndebourne hakukuwa na hayo. Waimbaji walikaa pale wiki kadhaa wakirudia mstari mmoja mpaka uwe wa wote. Hakuna aliyekuwa mkubwa kuliko kikundi. Busch alikuwa mwepesi wa mkono na hakupenda kuvuta muziki ili mtu aonekane na hisia. Ukimsikia kwenye rekodi za miaka ile, Mozart wake anatembea kama mtu anayejua anakoenda, na hajachelewa.

Kilichonigusa zaidi ni orodha ya walioimba *Così fan tutte* waliyoirekodi 1935. Yumo Mwingereza, Mmarekani, Mwaustralia, Mjerumani aliyeendelea kufanya kazi kwao, na Irene Eisinger, mwimbaji wa Kiyahudi aliyelazimika kuihama Ujerumani na kuanza upya Uingereza. Moja ya makosa aliyotajiwa Busch Dresden lilikuwa kuwapa kazi Wayahudi na wageni. Miaka miwili baadaye anaendelea na kosa lilelile, mbele ya maikrofoni.

Hakuwahi kupewa tena kiti kama cha Dresden. Tusijidanganye kwamba mambo yalimnyookea. Vita vilifunga Glyndebourne, na Denmark ikavamiwa mwaka 1940. Alihama tena, akavuka bahari, akafika New York, ambako aliongoza Metropolitan Opera kuanzia 1945 hadi 1949, bila kuwa mkuu wake. Bing, yule kijana wa ofisini, ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa Metropolitan kwa miaka 22. Hans, mwanawe Busch, akawa mwongozaji na kufundisha opera katika Chuo Kikuu cha Indiana. Ebert alikwenda kujenga shule ya opera Ankara, Uturuki. Adolf na Serkin ni miongoni mwa waliounda kituo cha muziki cha Marlboro, Marekani, ambako wapigaji wakubwa na wachanga huketi pamoja mpaka leo. Dresden ilifikiri inamtoa mtu mmoja ukumbini.

Jumba lenyewe la opera la Dresden liliharibiwa kwa mabomu Februari 1945, likafunguliwa upya 1985. Böhm alikuwa ameondoka mapema kwenda Vienna, na aliishi hadi 1981 akiwa mmoja wa makondakta mashuhuri duniani. Historia haikumlipisha kitu. Mtu akikwambia kwamba wanaokalia viti vya wenzao huwa wanalipa siku moja, mwambie akuletee risiti.

Busch alirudi kuongoza Ujerumani mapema 1951. Köln, mji aliosomea ujanani, alirekodi *Un ballo in maschera* ya Verdi kwa ajili ya redio, na mmoja wa waimbaji wake alikuwa Dietrich Fischer-Dieskau, kijana wa miaka 25. Septemba mwaka huohuo Busch akafariki London. Kitabu chake kuhusu kazi ya kuongoza okestra kilitoka miaka 10 baada ya kifo chake.

Ukitaka kuanza kumsikiliza, usianze na Verdi. Tafuta hiyo *Così* ya 1935, iko mtandaoni. Sauti ina mikwaruzo kama mahindi yanayokaangwa, na dakika tano za kwanza utadhani simu yako imeharibika. Vumilia. Weka vipokea sauti masikioni, nenda moja kwa moja mpaka pale katika sehemu ya kwanza ambapo waimbaji watatu wanawaombea wasafiri upepo mwanana baharini, na usikilize jinsi hakuna hata mmoja kati yao anayejaribu kumfunika mwenzake.